Max Schubert na Mvinyo Uliohukumiwa Kabla ya Siku Zake

Kuna chupa ya mvinyo mwekundu ya mwaka 1951 iliyouzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000 za Australia. Chupa moja tu, robo tatu ya lita. Mtu aliyeutengeneza alianza kazi kwenye kampuni hiyo akiwa kijana wa kutumwa, anapeleka barua na kuhudumia farasi. Na miaka michache baada ya kuutengeneza, mabosi wake walimwandikia barua ya kumwamuru aache mara moja, kwa sababu anawatia hasara na anawaaibisha.

Jamaa huyo anaitwa Max Schubert. Najua wapo watakaouliza mwanafunzi wa ualimu anatafuta nini kwenye habari za mvinyo, tena wasomaji wengi wa jarida letu hawanywi kabisa, na mimi ni mmoja wao. Lakini sisi wa kitivo cha elimu tunasoma upimaji na tathmini kuanzia mwaka wa kwanza hadi tunavaa joho, na kwangu mimi habari ya Schubert ni habari ya upimaji kuliko ya ulevi. Kwa hiyo ndugu msomaji, vumilia kidogo.

Schubert alizaliwa tarehe 9 Februari 1915 huko Moculta, kijiji kilicho pembezoni mwa bonde la Barossa, Australia Kusini. Wazazi wake walikuwa Walutheri wenye asili ya Ujerumani, kama walivyokuwa walowezi wengi wa bonde lile. Haukuwa wakati mzuri wa kuwa na jina la Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea, na serikali ya jimbo ilifuta majina 69 ya Kijerumani ya miji na vijiji ikaweka mengine. Mtoto akakulia katika jamii iliyokuwa inatazamwa kwa jicho la pembeni kwenye nchi yake yenyewe.

Mwaka 1931, wakati dunia nzima imebanwa na mdororo wa uchumi, Max akiwa na miaka 16 alipata kazi kwenye kiwanda cha mvinyo cha Penfolds pale Nuriootpa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo niliyosema, kutumwa na kuangalia farasi. Baadaye akahamishiwa Magill, kwenye viunga vya jiji la Adelaide. Magill ndipo kampuni ilipozaliwa mwaka 1844, pale daktari kutoka Uingereza, Christopher Rawson Penfold, na mkewe Mary walipopanda mizabibu karibu na nyumba yao ndogo waliyoiita Grange. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Akiwa Adelaide, Max alifanya kazi mchana na kusoma kemia jioni. Wanaosoma programu za jioni hapa chuoni wanajua hali hiyo bila kuelezwa. Bahati yake nyingine ni kwamba mwaka 1935 kampuni ilimwajiri mwanasayansi Ray Beckwith, ambaye alionyesha kwamba ukipima kiwango cha tindikali kwenye mvinyo unaweza kuwazuia bakteria wasiuharibu. Kabla ya hapo mvinyo mwingi uliishia kumwagwa. Schubert alijifunza mapema kwamba pua na ulimi ni vyombo vizuri, lakini vinahitaji kusaidiwa na vipimo.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja alijitolea kwenda jeshini. Alipigana Afrika Kaskazini, Ugiriki na Krete, akamalizia Guinea Mpya. Mtoto wa jamii iliyoshukiwa kwa Ujerumani wake akaenda kupigana na Wajerumani. Aliporudi alirudi pipani, na mwaka 1948, akiwa na miaka 33, akawa mtengeneza mvinyo mkuu wa Penfolds.

Hapa lazima nieleze Australia ya wakati ule ilikuwa inakunywa nini. Soko kubwa lilikuwa la mvinyo mtamu uliochanganywa na pombe kali, aina za port na sherry. Mvinyo mwekundu mkavu ulikuwepo ila hakuna aliyeufikiria kama kitu cha kuweka miaka 20. Ndiyo maana safari ya Schubert ya Ulaya, aliyoianza mwishoni mwa 1949, ilikuwa ya kwenda Hispania kujifunza sherry. Sherry alijifunza. Lakini njiani alipitia Bordeaux, Ufaransa, na mwenyeji wake Christian Cruse, mfanyabiashara wa mvinyo mwenye ghala kubwa, akamwonjesha mvinyo wenye umri wa miaka 40 hadi 50. Schubert alitegemea kukuta siki. Akakuta mvinyo ulio hai, wenye harufu na ladha ambazo hakuwahi kuzipata nyumbani.

Hiyo ndiyo siku maisha yake yalipopinda. Akarudi Adelaide na swali moja kichwani: Australia haiwezi kutengeneza mvinyo mwekundu wa kuishi miaka 20?

Tatizo la kwanza lilikuwa zabibu. Bordeaux wanatumia Cabernet Sauvignon na ndugu zake, na Australia Kusini wakati ule zabibu hizo zilikuwa chache mno. Kilichokuwa kimejaa ni Shiraz. Jina hili lisiwachanganye wenzangu wa pwani. Mji wa Shiraz huko Iran ndio ule ambao Washirazi wa mwambao wetu wanahesabu kuwa asili yao, lakini zabibu yenyewe haikutoka huko. Vipimo vya vinasaba mwishoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba wazazi wake wote wawili ni zabibu za kusini mashariki mwa Ufaransa, na Wafaransa wenyewe wanaiita Syrah. Australia ilifika na vipandikizi vya James Busby mwaka 1832, ikastawi vizuri. Wadudu wa filoksera walioangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19 hawakuingia Australia Kusini, kwa hiyo huko bado kuna mizabibu ya Shiraz iliyopandwa miaka ya 1840.

Schubert akaamua kutumia alichonacho. Hilo tu mimi nalihesabu kuwa somo. Angeweza kusubiri Cabernet ipandwe ikue. Angeweza kulalamika kwamba vifaa havitoshi, wimbo ambao sisi walimu watarajiwa tunaujua beti zote. Hakufanya hivyo.

Mavuno ya 1951 yalipofika, akagawa mchuzi wa zabibu. Sehemu moja ikaenda kwenye pipa kubwa la zamani la galoni 1,000, kama walivyozoea. Sehemu nyingine ikaenda kwenye mapipa matano mapya ya mwaloni wa Marekani, kila moja la takribani lita 300. Yaani jamaa aliweka kabisa kundi la udhibiti, lile tunalohangaika kulielewa kwenye somo la utafiti. Uchachukaji aliuendesha polepole kwa kupoza mchuzi usipande joto, na akaweka mbao za kuyazuia maganda ya zabibu yasielee juu. Maganda ndiyo yenye rangi na tanini, kwa hiyo alitaka yakae ndani ya mchuzi muda wote. Halafu mvinyo ukakaa kwenye mapipa mapya miezi 18 kabla ya kutiwa kwenye chupa. Akauita Grange Hermitage: Grange kwa ile nyumba ya daktari Penfold, na Hermitage kwa sababu ndilo jina walilolitumia Australia kwa Shiraz wakati huo.

Sasa tanini ni nini? Ukila bibo la korosho, au ndizi ambayo haijaiva vizuri, kuna hali ya kukauka na kukwaruza inabaki mdomoni. Ule ukakasi ndio kazi ya tanini. Chai iliyochemka sana inao pia. Mvinyo wa Shiraz ulioshindiliwa tanini, ukaongezewa na ya mwaloni mpya, ukinywewa ungali mchanga unakaba. Rangi yake ni zambarau inayokaribia weusi, na harufu ni tunda na mbao vinavyogombana.

Lakini ukiuacha, mambo yanatokea taratibu ndani ya chupa. Chembe za tanini na rangi zinashikana, zinakuwa nzito, nyingine zinazama chini na kuwa mashapo. Ukakasi unapungua, mvinyo unalainika. Rangi inatoka kwenye zambarau inakwenda kwenye wekundu wa tofali. Harufu ya tunda bichi inarudi nyuma na zinatokea nyingine, za ngozi iliyolainishwa, tumbaku, udongo baada ya mvua, matunda yaliyokaushwa. Mwonjaji akipewa glasi ya mvinyo mzee huiinamisha juu ya kitambaa cheupe aangalie ukingo wa rangi, hunusa kabla ya kuonja, kisha huuzungusha mdomoni na kusikiliza ladha inabaki muda gani baada ya kumeza. Chupa yenyewe husimamishwa kwanza ili mashapo yatulie, kisha mvinyo humiminwa polepole kwenye chombo kingine, mashapo yabaki.

Na kutunza ni kazi yenye masharti. Joto lisibadilike-badilike, lizunguke nyuzi 12 hadi 15. Mwanga usiingie. Hewa iwe na unyevu. Chupa ilazwe ubavu, ili kizibo kiendelee kulowana, maana kikikauka kinasinyaa na hewa inaingia, na hewa nyingi inaua kila kitu. Hakuna njia ya mkato. Wenzetu wa Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini Schubert alipata mavuno mara moja kwa mwaka, kisha ilimbidi angoje miaka ili ajue alichofanya kilikuwa sahihi au la. Fikiria kufanya mtihani ambao matokeo yake yanatoka baada ya miaka kumi.

Makao makuu ya kampuni hayakungoja. Mwaka 1956 uongozi wa Sydney ulitaka kuona fedha yao imekwenda wapi, maana chupa zilikuwa zinarundikana kwenye mahandaki ya Magill bila kuuzwa. Ikaandaliwa siku ya kuonja, wakaalikwa wajuzi wa mvinyo wa mjini. Ilikuwa aibu. Karibu wote waliukataa. Mmoja aliufananisha na port kavu ambayo hakuna mwenye akili zake angeinunua. Mwingine akasema unaonja kama matunda ya mwituni yaliyochanganywa na sisimizi waliopondwa. Adelaide nako mambo hayakuwa bora sana. Mwaka 1957, kabla mavuno hayajaanza, barua ikaja: acha kutengeneza Grange.

Wale waonjaji hawakuwa wajinga. Walisema kweli kuhusu kilichokuwa kwenye glasi siku ile, maana mvinyo ulikuwa mkali na unakaba kweli. Kosa lilikuwa kwenye swali. Schubert alitengeneza kitu cha kujibu swali la mwaka 1970, wao wakakipima kwa swali la mwaka 1956. Darasani tunafundishwa kwamba kipimo kinaweza kutoa majibu yaleyale kila ukirudia na bado kikawa si halali, kwa sababu hakipimi kile ulichokusudia kupima. Sijawahi kupata mfano mzuri wa jambo hilo kuliko ule mkutano wa Sydney.

Nikiwa mazoezi ya kufundisha nilimsikia mwalimu mmoja ofisini akimwita mtoto wa kidato cha kwanza kilaza, tena mwezi wa tatu, mtoto hajamaliza hata kuzoea Kiingereza cha kufundishiwa. Alama zake zilikuwa mbaya kweli, hakuna aliyemsingizia. Lakini zilikuwa zinapima lugha, huku sote pale tukisema zinapima akili. Na neno kama hilo likishakaa kwenye ofisi ya walimu halitoki, linapanda na mtoto hadi kidato cha pili, na huko mtihani wa taifa unamkuta ameshaamini.

Turudi Magill. Schubert alisoma barua, na mavuno ya 1957 yalipofika akatengeneza Grange. Na 1958. Na 1959. Kutoka Magill hadi Sydney ni zaidi ya kilomita 1,000, na umbali huo ulimsaidia. Ulimsaidia pia Jeffrey Penfold Hyland, wa familia yenye kampuni, aliyekuwa kiongozi wa Adelaide na ambaye aliamua kufumba macho. Chupa zilifichwa mahandakini. Ila siri ina gharama. Mapipa mapya ya mwaloni ni fedha, na fedha inaacha karatasi, kwa hiyo ilibidi atumie mapipa yaliyokwisha kutumika. Mvinyo wa miaka ile mitatu haukufikia kiwango alichokuwa anataka.

Alifanya sawa? Swali hili tumelibishania hosteli hadi usiku, na sijui mtu aliyeshinda. Kwa upande mmoja ni mwajiriwa aliyetumia mali ya mwajiri kinyume cha maagizo. Ukiwa mkuu wa shule na mwalimu wako akafanya hivyo, utacheka? Kwa upande mwingine hakuficha ili ajinufaishe. Kila chupa ilibaki mali ya kampuni, kwenye mahandaki ya kampuni. Mimi nasimama hapa: aliwavunjia amri lakini hakuwaibia, na alikuwa tayari kubeba lawama kama miaka ingemthibitisha kuwa amekosea. Ingeweza kumthibitisha hivyo. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu, kwamba wakati anaficha hakuna aliyekuwa amemwahidi mwisho mzuri.

Wakati huo chupa za mwanzo zilikuwa zinafanya kazi yake gizani. Mvinyo wa 1951 na wa miaka iliyofuata ukaanza kulainika, na waliopata nafasi ya kuonja wakaanza kuongea lugha nyingine. Habari zikafika Sydney. Uongozi ukaomba kuonja tena, na safari hii, kabla ya mavuno ya 1960, ikatoka amri ya kuanza upya kutengeneza Grange. Bila shaka walishangaa baadaye kukuta mfululizo haujakatika hata mwaka mmoja.

Mwaka 1962 mvinyo wa 1955 uliingizwa kwenye mashindano ya Sydney na ukapata medali ya dhahabu. Mji uleule. Baada ya hapo mvinyo huo wa 1955 ulikusanya medali za dhahabu zaidi ya 50. Schubert alistaafu mwaka 1975, kiti chake kikashikwa na Don Ditter. Mwaka 1979, kwenye mashindano makubwa yaliyofanyika Paris, Grange ya 1971 iliongoza kundi la Shiraz, nyumbani kabisa kwa zabibu yenyewe. Mwaka 1988 jarida la Decanter la Uingereza lilimchagua kuwa mtu wa mwaka, wa kwanza kutoka Australia. Alifariki Adelaide tarehe 6 Machi 1994, akiwa na miaka 79. Mwaka mmoja baadaye jarida la Marekani la Wine Spectator likaitangaza Grange ya 1990 kuwa mvinyo bora wa mwaka. Hakuwepo kusikia.

Kuna hatari ya kuitumia habari hii vibaya, hasa sisi wanafunzi tunaopenda kujifariji. Muda haufanyi mvinyo mbaya kuwa mzuri. Mvinyo mwingi duniani ukiuweka miaka 20 utakuta siki, ndiyo maana hata Schubert alishangaa kule Bordeaux. Kilichoivisha Grange ni kile alichokiweka ndani mwaka wa kwanza: zabibu zilizochaguliwa, tanini ya kutosha, tindikali iliyopimwa, mwaloni mpya. Muda ulikuta kitu cha kufanyia kazi. Mwanafunzi anayekosa vipindi kisha akasema atachanua baadaye hana kizibo wala mvinyo ndani ya chupa yake.

Kwa hiyo kwa mwalimu kazi ni mbili, na zote ngumu. Ya kwanza ni kuweka, yaani kufundisha kwa bidii hata kama mtihani wa mwezi huu hautaonyesha chochote. Ya pili ni kujua dalili za kitu kinachoiva na dalili za kitu kinachooza, kwa sababu vikiwa vichanga vyote viwili vinaweza kukwaruza ulimi sawasawa. Schubert alijua tofauti kwa sababu alikuwa amewahi kuonja cha miaka 50. Wengi wetu tunaoenda kushika chaki mwakani hatujawahi kumwona mtoto aliyeitwa kilaza akifika mwisho wa safari yake. Tunaona kidato kimoja, tunaandika ripoti, tunahamishwa kituo.

Penfolds sasa wana utaratibu wa kuwaita wenye chupa za miaka 15 na zaidi. Chupa inafunguliwa, mtaalamu anaonja kidogo, na kama mvinyo bado uko hai inajaziliwa, inawekewa kizibo kipya na kupewa cheti. Kama umekufa, mwenyewe anaambiwa ukweli. Nadhani hata shule zetu zingefaidika na kitu cha namna hiyo: kumwita tena mtu baada ya miaka 15, tumsikilize, halafu tufungue faili la zamani tusome tuliandika nini juu yake.